Ng' Iliyokatazwa Mlangoni

Kazini walimwita Bawabu, na jina hilo hakupewa bure. Hakuwahi kuvaa sare wala kushika rungu, na mlango aliolinda haukuwa na hata komeo. Alikuwa mtengenezaji wa tovuti ya kituo cha redio, mwanamke wa miaka arobaini na moja mwenye miwani iliyogandishwa kwa gundi upande mmoja, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukagua kile kinachokuja kwenye anwani ya tovuti, nyuma ya alama ya kuuliza.

Watu wengi hawana habari na sehemu hiyo. Mtu anafungua Ubao, ule ukurasa wa redio ambao wasikilizaji huachiana ujumbe, anaandika jina la anayempelekea, anaandika maneno yake, anabonyeza Tuma, kisha anaendelea na chai yake. Haoni kwamba alichoandika kimepanda juu kwenye anwani na kujipanga foleni: kwa=fulani, ujumbe=kadhaa, ukurasa=3. Hicho kinachofuata alama ya usawa huitwa thamani, na thamani haina uso. Yaweza kuwa imetoka kwa bibi anayemtakia mjukuu wake heri ya mtihani, au kwa mwizi anayetafuta upenyo wa kuingiza amri zake ili aondoke na majina na namba za watu wote. Kwa hiyo Bawabu aliweka ukaguzi kabla tovuti haijagusa chochote. Ukurasa lazima uwe namba, usiwe shairi. Tarehe lazima iwe tarehe iliyopo kwenye kalenda, maana wapo watu, sijui walisomea wapi, walioandika tarehe thelathini na moja Februari. Ujumbe usizidi maneno mia mbili. Na popote palipoandikwa maneno, ziruhusiwe herufi, tarakimu, nafasi, nukta na mkato, basi. Kisichotimiza masharti kilirudishwa na maneno manne mekundu: "Samahani. Wewe hupiti hapa."

"Maneno hayo makali mno," mhariri mkuu alimwambia siku moja. "Hawa ni wasikilizaji wetu, bibi."

"Mwizi naye ni msikilizaji, mzee?"

Mhariri akaondoka zake. Hakuwa na muda wa kubishana na mtu mwenye majibu mfukoni.

Nyumbani Bawabu aliishi na mama yake, vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Mama huyo kila mtu alimwita Mwalimu, hata fundi cherehani ambaye hakuwahi kukaa darasani kwake. Alifundisha kusoma na kuandika darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, akastaafu, lakini ualimu wenyewe ulikataa kustaafu. Na kama kuna kitu kilichomtoa roho, basi ni mtu kuandika ng' bila ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu kama imesahauliwa pale.

"Ng ni ya ngazi," alikuwa akiwaambia watoto. "Ng' ni ya ng'ombe. Ukimwondolea ng'ombe ritifaa yake, umemkata pembe."

Kila alasiri alivaa miwani, akafungua Ubao wa redio na kujipatia hasira zake za siku.

"Hebu tazama huyu! 'Nauza ngombe wawili.' Ngombe! Na huyu: 'Kijana wangu yuko ngambo.' Kuna mwingine hapa anasema uso wa bibi harusi 'ulingaa.' Mwanangu, hawa watu wamefundishwa na nani?"

Bawabu aliinamia sahani yake. Alijua fika waliowafundisha walifanya kazi yao vizuri. Aliyewafundisha vibaya ni yeye. Mtu aliyeandika ng'ombe pale Ubaoni alikataliwa, akajaribu tena, akakataliwa, mpaka mwenyewe akagundua kwamba akiiondoa ile alama anapita. Kwa miaka minane binti wa Mwalimu alikuwa amewang'oa wasikilizaji wote ritifaa vidoleni, na hakuwa na ubavu wa kumwambia mama yake.

Hakuwa na ubavu kwa sababu angeulizwa kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa kaka yake.

Alipozaliwa, Bawabu alilia siku nne mfululizo. Baba yake alitoka nje akawaambia majirani kwamba hawakuzaa mtoto, wamezaa king'ora cha gari la zimamoto. Maneno yale yalikuwa ya utani tu, yangepita. Lakini kaka yake, aliyekuwa na miaka miwili na ulimi mzito, aliyashika akayafanya jina. King'ora. Aliliita kutoka kona ya barabara akirudi shule, aliliita chini ya kitanda wakicheza kujificha, aliliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni, na ritifaa yake kamili, maana chini ya paa la Mwalimu hata matusi yaliandikwa kwa usahihi. Yeye mwenyewe aliitwa Mtundu. Alivunja redio ili aone anayesema amekaa wapi, na alipokua akawa fundi wa majokofu, kazi ambayo unalipwa ili ufungue vitu vya watu.

Siku Ubao ulipozinduliwa, Mtundu alikuwa pale kituoni akitengeneza kiyoyozi cha studio. Dada yake akamwita ukumbini aje aone. Mbele walikaa mhariri mkuu, wageni wenye suti, watangazaji. Ukutani ilining'inia picha kubwa ya ukurasa mpya. Kazi ya miezi saba. Mhariri akauliza nani atakuwa wa kwanza kuandika, na Mtundu, mikono ikiwa bado na grisi, akanyoosha kidole kama yuko darasani. Akakaa. Penye "Kwa nani" akaandika King'ora. Akabonyeza mapema mno, kabla hajaandika ujumbe wowote.

Ukuta mzima ukajaa mistari ya makosa, mirefu, mekundu, ikionyesha hadi majina ya mafaili ya ndani. Tovuti ikalala chali mbele ya wageni. Kosa lilikuwa ile ritifaa. Kwa ghala la data, alama ile ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Lilipoikuta katikati ya jina likadhani maneno yameishia hapo, na "ora" iliyobaki likaichukua kama amri isiyoeleweka. Bawabu, ambaye wakati huo hakuwa bawabu wa chochote, alikuwa hajakagua lolote.

"Hii ndiyo kazi ya miezi saba?" mhariri akauliza, na mgeni mmoja akacheka.

Mtundu naye akacheka. Ndivyo alivyoumbwa, mambo yakiharibika yeye kicheko kinamponyoka. Alicheka hata siku alipovunjika mkono. Dada yake alilijua hilo maisha yake yote, ila siku ile alilisahau. Akamfuata kwenye korido.

"Umefanya makusudi."

"Mimi? Wallahi sikujua kama..."

"Umenidhalilisha mbele ya watu, halafu unacheka! Maisha yako yote kazi yako ni kuharibu vya wenzako. Usinipigie simu. Usikanyage tena mlangoni pangu."

Mtundu alifungua mdomo, kikatoka kicheko tena, kidogo, cha kuomba msaada. Akachukua mfuko wake wa spana akaondoka na kiyoyozi hakijakwisha. Alasiri ileile Bawabu alikaa kwenye kiti chake machozi yakimdondokea kwenye vibonye, akaandika ule ukaguzi wake wa kwanza, mkali, usio na huruma na ritifaa yoyote, pamoja na yale maneno manne mekundu. Kama alikuwa akimwambia mwizi au akimwambia kaka yake, hata yeye asingeweza kuapa.

Mwezi haukuisha, Mtundu akapata kazi ng'ambo, kwenye maghala ya baridi. Mwaka wa pili baba yao akafariki. Nyumba ilikuwa ya kupanga, mwenye nyumba akaitaka, wakahama. Simu ya Bawabu iliibiwa, laini ya Mwalimu ikafungwa kwa kukaa bila kutumika, na namba ya Mtundu ilipopigwa ilisema haipatikani, kisha ikaanza kupokewa na mwanamke mwingine kabisa ambaye alikuwa na adabu mara tatu za mwanzo.

Kilichobaki nyumbani ni jokofu. Mtundu ndiye aliyelitengeneza mara ya mwisho, na sasa lilivuja. Mwalimu alilitandikia kitambaa chini, akawa anakikamua asubuhi na jioni.

"Mama, nimwite fundi?"

"Fundi wake yupo. Atakuja mwenyewe."

Na hapo mazungumzo yalifungwa. Kitambaa kilipooza, Mwalimu alitandika kingine. Siku hizo hakuna tena aliyemwita Bawabu King'ora. Mama alisema "mwanangu", kazini walisema Bawabu, kwenye karatasi za benki aliandikwa jina lake la ubatizo ambalo hata yeye alipoitwa nalo aligeuka kwa kuchelewa. Wakati mwingine akiwa peke yake ofisini alilisema lile jina la zamani kwa sauti ndogo, kulisikia tu. Alimkumbuka kaka yake mpaka kifua kikamuuma, mahali hasa, upande wa kushoto chini ya bega, akawa anapasugua kwa kiganja kama mtu mwenye gesi.

Jumanne moja asubuhi tovuti ilisimama. Haikuwa wizi, haikuwa umeme. Mashine ilijaa tu, haikuwa na nafasi ya kuweka hata herufi moja zaidi. Bawabu akaanza kutafuta nini kimevimba, akakuta ni faili alilolifungua mwenyewe miaka minane nyuma na kulisahau. Aliliita "waliokataliwa". Kila thamani iliyorudishwa mlangoni iliandikwa mle, saa na tarehe yake, na ili kubana nafasi alikuwa ameamuru ikatwe, zibaki herufi hamsini za mwanzo. Mwizi hahitaji kuandikiwa riwaya, ndivyo alivyowaza wakati ule.

Angeweza kulifuta palepale kwa kidole kimoja. Lakini bawabu ni bawabu, alitaka kuona ni akina nani waliogonga. Akalifungua. Kulikuwa na wizi wa kila aina, amri zilizovaa nguo za majina, mashine za mbali zinazojaribu mlango mmoja mara elfu kwa dakika. Na katikati ya takataka hizo kulikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wengi ajabu. Ng'ombe wa maziwa, ng'ombe aliyepotea, ng'ombe wa mahari, wote wamerudishwa na pembe zao. Bawabu akaanza kucheka, akashuka chini zaidi, na kicheko kikamfia mdomoni.

Kwa: King'ora.

Tarehe ilikuwa siku kumi na moja baada ya ule ugomvi. Pembeni yake ujumbe, herufi hamsini:

"King'ora dada yangu, samahani kwa siku ile. Niliku"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaamuru mashine itafute jina lile peke yake. Ikaleta mistari kumi na tisa, ya zaidi ya miaka sita.

"Nimesikia mzee hayupo tena. Sikuwepo kumzika. Mwam"

"Leo nimetengeneza jokofu linalolia kama wewe. Nime"

"Najua ni wewe unayenikataa. Una haki. Lakini mama "

Ujumbe huo aliusoma mara nyingi. Mtundu alikuwa amesoma yale maneno mekundu, wewe hupiti hapa, na ameamini ni yeye anayeambiwa, na dada yake ndiye amekaa upande wa pili akimwambia, kila mara, miaka yote hiyo. Na angeamini nini kingine? Mlango pekee aliokuwa akiujua ni huo, na aliyeujenga alishamwambia asiukanyage.

Mstari wa kumi na tisa ulikuwa wa mwaka mmoja na miezi minne iliyopita.

"Sitaandika tena. Ukinihitaji, simu yangu mpya ni 0"

Sifuri. Namba nzima ilikuja mpaka hapa, kwenye mashine hii iliyo chini ya meza, ikakatwa baada ya sifuri kwa sababu yeye Bawabu alitaka kubana nafasi. Alitafuta kila mahali ambapo mabaki yangeweza kuwa yamejificha. Aliwapigia wenye mitambo, akabembeleza, akagomba. Hakuna. Alichokata kilikuwa kimekatika. Mtangazaji wa kipindi cha mchana, mwanamke mnene mwenye sauti inayoweza kumlaza simba, alipita mlangoni akamkuta ameinamisha kichwa juu ya meza.

"Bawabu? Umefiwa?"

"Kaka yangu yuko hai," alisema Bawabu, akaanza kulia.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akamwambia mama yake kila kitu kuanzia ukumbini. Hakujitetea. Alimpa zile karatasi alizochapa, mistari kumi na tisa. Mwalimu alizisoma taratibu huku kidole kikifuata mstari kama alivyowafundisha watoto. Mashine ya fundi cherehani ilikuwa ikinguruma chini. Ikanyamaza, ikaanza tena.

"Ameweka ritifaa," Mwalimu alisema hatimaye. "Kila mara. Mara kumi na tisa, hakuiruka hata moja."

"Ndiyo, mama."

"Angeiondoa, angepita?"

"Angepita."

"Wenye ng'ombe wao waliiondoa." Mwalimu alikunja karatasi mara mbili. "Yeye nilimchapa vidole mpaka akashika. Mimi mwenyewe, kwa rula." Kisha akasema kwa sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia, "Nirudishie mwanangu. Sijali anaandika vipi."

Bawabu alitengeneza ule ukaguzi kwa siku mbili. Siku mbili tu, kwa jambo aliloliacha miaka minane, na hilo lilimuuma kupita yote. Ritifaa haikuwa na hatia. Yeye ndiye aliyekuwa akichanganya maneno ya watu na amri zake mwenyewe kwenye sentensi moja. Sasa akazitenganisha: amri ikaenda kwa ghala peke yake, thamani ikaenda peke yake, isomwe kama maneno hata ikibeba alama gani. Ukaguzi ukabaki, ukurasa bado ni namba, Februari bado haina thelathini na moja. Ila sasa ritifaa na alama nyingine za maandishi zikaruhusiwa kupita, kwa sababu watu wanazo. Waliokataliwa wakaanza kuandikwa wote, mpaka nukta ya mwisho, na taarifa zao kuja kwenye simu yake. Maneno manne mekundu akayafuta. Badala yake akaandika: "Kuna alama ambayo hatujaitambua. Ujumbe wako haujapotea, na kuna mtu atausoma."

Kisha akaenda kwa mtangazaji wa mchana. Redio ile ilisikika pia kwenye mtandao, hata ng'ambo. Mwalimu hakukubali kuachwa nyumbani. Alikuja studio na kitenge chake kizuri, akakaa mbele ya kipaza sauti, akamfanya mtangazaji mwenye uzoefu wa miaka ishirini alirudie lile jina mara nne.

"King-ora."

"Hapana. Pumzi ipitie puani. Ng'."

"King'ora."

"Ahsante. Sasa soma."

"Mtundu, fundi wa majokofu, popote ulipo," mtangazaji akasoma. "Hujawahi kukataliwa. Ilikuwa ni alama tu. Andika tena. Kama ndiwe kweli, taja kitu nilicholilia mpaka majirani wakaja. Ni mimi, King'ora."

Ilisomwa kila mchana kwa wiki nzima, na Ubaoni ikakaa juu kabisa. Mungu ameijalia dunia watundu wengi. Mmoja aliandika kwamba alichokililia ni pipi. Mwingine akasema ni mapenzi. Wa tatu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikiri kwamba hana uhakika kama ndiye, ila majokofu anayaweza, na je, kuna zawadi? Bawabu aliwajibu wote kwa heshima. Mwalimu naye kila alasiri alifungua Ubao, na sasa ng'ombe walikuwa na pembe zao, ng'ambo ilikuwa ng'ambo, maharusi waling'aa inavyotakiwa. Hakufurahia hata kidogo. Alipitisha kidole juu ya majina, akafika mwisho, akaenda kukamua kitambaa.

Wiki moja ikawa tatu, tatu zikawa sita. Bawabu alianza kuelewa kwamba mtu anaweza kuacha kugonga kabisa. Pengine Mtundu hakusikiliza tena redio hii. Pengine alisikia, akasema moyoni, sasa ndiyo wamenikumbuka? Asubuhi alifungua orodha ya waliopita kabla hajavua koti, na mchana akaifungua tena, na kila jina ambalo halikuwa lake lilimkera kana kwamba mwenye jina amekalia kiti cha mtu. Kule mlangoni alikokuwa akilinda watu wasipite, sasa alikuwa anasubiri mmoja apite, na hakuna ukaguzi unaoweza kumleta mtu.

Alhamisi ya wiki ya saba, saa nne na robo asubuhi, simu ilitetemeka mezani. Kuna aliyekataliwa. Sababu: alama isiyotambulika.

Akatazama bila haraka, akitegemea mwizi. Halafu akaona jina. King’ora. Ritifaa ilikuwepo, ila haikuwa ileile. Simu za siku hizi huipinda, ikawa kama mkato uliopanda juu, na kwa mashine hiyo ni alama nyingine kabisa, mgeni asiyejulikana. Bawabu, mtaalamu, aliyetafakari ritifaa siku mbili usiku na mchana, hakuwa ameiwaza ile iliyopinda. Kaka yake alikuwa ameiangusha tena kazi yake kwa alama moja.

Lakini safari hii ujumbe ulikuwa mzima.

"King’ora, fundi mwenzangu ndiye aliyenisikilizisha lile tangazo, alilirekodi. Jina wamelitaja vizuri, nikajua Mwalimu yupo pembeni na rula. Kumbe ilikuwa alama! Nimecheka, halafu sikucheka. Siku ile ukumbini nilikuwa nataka kukuandikia hongera. Niliishia kwenye jina. Ulililia chaki nyekundu niliyoila mimi, na sijutii, ilikuwa tamu. Jokofu la mama linavuja? Lazima linavuja, mpira wa mlango niliuweka wa muda tu, nilisema nitarudi Jumamosi."

Chini yake namba ya simu. Tarakimu zote. Alizihesabu kwa kidole.

Alitoka ofisini bila kuaga, akashuka ngazi za nyuma mpaka pale zinapopinda, penye dirisha dogo na ndoo ya msafishaji. Akaketi. Akapiga. Iliita mara tatu, kila mlio ukimchukua mwaka.

"Haloo?" Sauti ilikuwa nzito kuliko zamani, na nyuma yake mashine kubwa ilikuwa ikivuma. "Haloo. Nani mwenzangu?"

Alikuwa ameyapanga maneno. Kwa wiki saba alikuwa ameyapanga, aanze na samahani, amwambie habari za mama, amwambie lile neno hongera limefika. Akafungua mdomo na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Badala yake kikapanda kilio, kile cha zamani, kirefu, cha kwenda juu na kushuka na kupanda tena, kikajaza ngazi zote ghorofa tatu, mpaka mtangazaji wa mchana akachungulia kutoka juu na mkono kifuani.

Upande wa pili mashine ilizimwa. Halafu kicheko kidogo, cha mtu ambaye mambo yamemharibikia kabisa.

"Basi, usitaje jina," Mtundu alisema, na sauti yake nayo ilikuwa imeanza kukatika. "Nimeshakujua."